Namna ya Kuchagua, Kukagua na Kutunza Picha za Chapa za Maisha ya Wachina Wahamiaji Marekani: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayeishi Mbeya, Iringa au Njombe, anayetaka kutundika ukutani picha ya chapa inayoonyesha maisha ya Wachina waliohamia Marekani katika karne ya 19, kwa kawaida hulazimika kuinunua kutoka mbali, akiangalia picha ndogo kwenye simu na kusoma maelezo ya muuzaji ambaye hatakutana naye. Maelezo hayo karibu kila mara hutanguliza namba: kwamba nakala ni chache, kwamba kila moja imetiwa saini, kwamba zikiisha hazitachapwa tena. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume. Unaanza na picha yenyewe na ukweli wa kile inachoonyesha, unaendelea na namna ilivyochapwa, ndipo unapofika kwenye namba, na baada ya hapo unaeleza jinsi ya kuiwekea fremu inayofaa hali ya hewa ya huku.

Watu wa nyanda za juu wana sababu yao ya kuvutiwa na picha hizi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na kipande chake kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni kile cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako. Mtu aliyekulia kando ya reli hiyo akiona picha ya Wachina wakipasua mwamba milimani huona kitu anachokifahamu. Hata hivyo, asichanganye mambo hayo mawili: waliokuja kujenga TAZARA walitumwa na serikali yao na wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha, ilhali wale wa Marekani walikwenda kutafuta maisha, wakaajiriwa na kampuni binafsi, na baadaye wakanyimwa kwa sheria haki ya kuwa raia.

Kuisoma picha kabla ya kuuliza bei

Kipindi kinachochorwa zaidi kinaanza na dhahabu iliyoonekana Coloma, California, tarehe 24 Januari 1848, ambayo iliwavuta watu wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China, kwenda nchi waliyoiita Mlima wa Dhahabu. Kinapita katika ujenzi wa reli ya Central Pacific, iliyoanza kuajiri Wachina kwa wingi mwaka 1865 na kukutana na reli ya Union Pacific huko Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Kinaingia katika miaka ya chuki, iliyozaa sheria ya tarehe 6 Mei 1882 ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, sheria ambayo haikufutwa hadi mwaka 1943. Mara nyingi kinaishia katika kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kwenye ghuba ya San Francisco, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1910 hadi 1940, ambako wahamiaji waliozuiliwa walichonga mashairi kwenye kuta za mbao.

Mnunuzi mwenye tarehe hizi mkononi anaweza kuikagua picha kama mkaguzi anavyokagua vitabu vya hesabu. Akionyeshwa wafanyakazi wa Kichina wakitandika reli kwenye tambarare za Nebraska mwaka 1867, ajue kuna kosa, kwa sababu Wachina walifanya kazi kwa Central Pacific, iliyotoka Sacramento kuelekea mashariki kupitia milima ya Sierra Nevada. Upande wa Nebraska ulikuwa wa Union Pacific, ambayo ilitegemea sana wafanyakazi wa Kiayalandi. Treni za Central Pacific zilichoma kuni, kwa hiyo bomba lao la moshi lilikuwa pana juu na jembamba chini. Nguo za kazi zilikuwa za pamba za bluu na kofia zilikuwa za kusukwa. Mwanamume aliyebeba mti begani wenye vyombo viwili vilivyoning'inia huenda amebeba chai, kwani wafanyakazi hao walikunywa chai ya maji yaliyochemshwa, jambo linalotajwa kuwa liliwaepusha na maradhi ya tumbo yaliyowasumbua wenzao. Zana zinazotarajiwa ni sururu, nyundo na patasi ndefu ya kutobolea mwamba, mapipa ya baruti, toroli za mkono na mikokoteni ya farasi mmoja. Mchoraji aliyeyapata haya yote amesoma kabla ya kuchora.

Nywele nazo husema mengi. Chini ya utawala wa Qing, ukoo wa kifalme wa China, wanaume walinyoa sehemu ya mbele ya kichwa na kuacha msuko mmoja mrefu mgongoni, na desturi hiyo ilitoweka baada ya mapinduzi ya China ya mwaka 1911. Picha ya mtaa wenye magari ya miaka ya 1930 ambamo kila mwanamume ana msuko ni njozi ya mchoraji. Majengo ni kipimo kingine, na hapa wengi hudanganyika: mapaa yaliyopinda pembeni na minara ya mtindo wa pagoda (mnara wa hekalu wenye mapaa yaliyopangana) tunayoihusisha na mtaa wa Wachina wa San Francisco yalijengwa baada ya tetemeko na moto wa tarehe 18 Aprili 1906, kwa nia ya kuwavutia watalii na kuulinda mtaa usihamishwe. Kabla ya hapo mitaa hiyo ilikuwa na majengo ya kawaida ya matofali ya mtindo wa Kizungu, yaliyoongezewa roshani, taa za karatasi na vibao vya maandishi ya Kichina. Kwa hiyo picha iliyoandikwa «San Francisco, 1880» ikiwa na mnara wa pagoda katikati haistahili bei ya picha ya historia.

Wanawake wawe wachache. Sheria ya mwaka 1875 iliyojulikana kama Page Act iliwazuia wanawake wengi wa Kichina kuingia, na kwa miongo mingi jamii hizo zilikuwa za wanaume waliofua nguo za watu, waliovua kamba katika ghuba ya San Francisco, waliojenga matuta ya kuzuia mafuriko katika delta ya Sacramento na waliolima mashamba ya wengine. Familia zilikuwepo, hasa za wafanyabiashara, lakini msanii anayejaza mtaa wa mwaka 1885 kwa mabibi waliovaa hariri anauza mapambo.

Hata picha za kamera zisiaminiwe bila kuulizwa. Arnold Genthe, Mjerumani aliyepiga picha mtaa wa Wachina wa San Francisco katika miaka ya mwisho kabla ya tetemeko, aliacha kumbukumbu isiyo na mfano, lakini alikata na kufuta sehemu za baadhi ya picha zake, zikiwemo nyaya na vibao vya Kiingereza, ili mtaa uonekane wa kigeni zaidi kuliko ulivyokuwa. Chapa nyingi za kisasa zimetokana na picha hizo. Kwa upande wa michoro, Jake Lee, aliyezaliwa Monterey, California, alichora kwa rangi za maji mfululizo wa picha za historia ya Wachina wa Marekani kwa ajili ya mgahawa mmoja wa San Francisco mwaka 1959. Na Mian Situ, mzaliwa wa Guangdong, anafahamika kwa mchoro wake wa wafanyakazi wa baruti kwenye mwamba wa Cape Horn, California, mwaka 1865. Kuhusu mwamba huo lipo simulizi maarufu kwamba Wachina walishushwa wakiwa ndani ya vikapu ili wategeshe baruti, simulizi ambalo wanahistoria kadhaa wanalitilia shaka kwa sababu halionekani katika maandishi ya wakati wa ujenzi. Kwa maoni yangu picha ya vikapu haipaswi kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake. Inunuliwe na mtu anayejua kwamba ananunua simulizi, na maelezo ya chini yake ukutani yaseme hivyo.

Zipo pia chapa za zamani zenyewe, hasa kurasa za gazeti la Marekani la Harper's Weekly, zilizochapwa kwa ubao wa mbao uliochongwa. Nyingi ni za kejeli dhidi ya Wachina, ingawa mchora katuni wake Thomas Nast alichora kadhaa za kuwatetea, ikiwemo ile ya Februari 1871. Gazeti hilo lilichapwa kwa wino mweusi, hivyo ukurasa wenye rangi umepakwa rangi baadaye, na muuzaji mkweli atakuambia.

Ilivyochapwa

Neno «chapa» linabeba mambo yanayotofautiana sana kwa thamani. Katika chapa ya ubao, ya lino (zulia laini la kuchongeka) au ya bamba la shaba, msanii huchonga au huchora kitu cha kuchapia, na kila nakala hutoka kwenye kitu hicho kwa kugandamizwa. Katika lithografia huchora juu ya jiwe au bamba kwa mafuta. Uchapaji wa skrini ni uleule unaotumika kwa fulana za kampeni, isipokuwa unafanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi na kwa rangi nyingi zinazopishana. Lakini chapa nyingi za mada yetu zinazouzwa leo ni zile ziitwazo jikle (giclée), yaani mchoro wa rangi za mafuta au za maji hupigwa picha kwa ubora wa juu, kisha huchapwa kwa mashine ya kompyuta inayonyunyiza wino kwenye karatasi au turubai. Jikle si udanganyifu, na ikiwa wino ni wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) na karatasi ni ya pamba inaweza kudumu miongo mingi. Ila ni nakala ya mchoro, na bei yake isilinganishwe na ya chapa iliyochongwa kwa mkono.

Kioo cha kukuzia cha fundi saa au sonara kinatosha kutofautisha. Chapa ya bei nafuu ya kiwandani huonyesha vidoto vilivyopangwa kwa mpangilio kama wa ua, kama vile vya kwenye picha za magazeti. Jikle huonyesha vidoto vidogo sana vilivyotawanyika bila mpangilio. Chapa ya skrini haina vidoto: rangi ni tambarare, na kingo za tabaka moja juu ya jingine huonekana. Chapa ya bamba la shaba huacha alama ya kingo za bamba iliyozama kwenye karatasi, ambayo huhisiwa kwa kidole. Kwa kuwa picha iko ng'ambo, mwombe muuzaji akutumie picha ya karibu ya kona moja na ya nyuma ya karatasi, na ukiona anazunguka, tafuta mwingine.

Uliza pia aina ya karatasi. Jibu linalofaa ni pamba kwa asilimia 100, isiyo na tindikali, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Karatasi ya massa ya mbao ambayo haikusafishwa hubakiwa na lignini, kemikali ya asili ya mbao, na kwa mwanga na unyevu hugeuka rangi ya kahawia na kuvunjika kirahisi kama jani kavu la tumbaku.

Namba, saini na hati

Maandishi 45/150 yanamaanisha nakala ya 45 kati ya 150. Hayamaanishi kwamba nakala ya kwanza ni bora kuliko ya mwisho. Kwa jikle zote zinalingana, na kulipa zaidi kwa sababu ya namba ndogo ni kulipia ushirikina. Swali lenye maana ni jumla ya nakala zote. Mchoro mmoja unaweza kutolewa nakala 150 za karatasi, nyingine 75 za turubai, nyingine 50 za turubai kubwa, kila kundi likiitwa «toleo maalumu», na juu ya hizo huwekwa nakala za msanii zenye herufi A/P, ambazo kwa desturi hazizidi asilimia 10 ya toleo, pamoja na nakala za mchapaji zenye P/P. Uliza hesabu yote kwa maandishi.

Saini ya kweli huandikwa kwa penseli au kalamu baada ya picha kuchapwa, na ukiishika karatasi kimshazari dhidi ya mwanga utaona mng'ao wa penseli na mkandamizo mdogo. Saini iliyochapwa pamoja na picha si saini. Hati ya uthibitisho itaje jina la msanii, jina la picha, namna ilivyochapwa, mwaka, idadi ya toleo na namba ya nakala yako. Sheria ya California inawataka wafanyabiashara wa chapa zenye nakala nyingi watoe maelezo ya namna hiyo, kwa hiyo muuzaji wa huko asione ombi lako kuwa la ajabu. Hati isiyotaja namna ya uchapaji ni karatasi ya kupendezesha bahasha.

Kwa forodha, inatosha kujua kwamba mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa huweka chapa halisi zilizotokana na mabamba ya mkono katika kifungu cha 9702, ilhali picha za kuchapwa kwa mashine, jikle zikiwemo, ziko chini ya 4911. Ankara iandikwe ipasavyo, na gharama ya ushuru na kodi ihesabiwe kabla ya kuagiza. Sisitiza bomba gumu, si bahasha bapa, kwa sababu safari ya lori kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya haina huruma na bahasha.

Asiye na uwezo wa kununua toleo maalumu bado ana njia halali. Picha za Genthe zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani zinapatikana kwenye tovuti yake, na kazi zilizochapishwa Marekani kabla ya mwaka 1929 zimeshatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki huko. Picha hiyo inaweza kuchapwa mjini kwenye karatasi nzuri kwa matumizi ya shule au ofisi. Isiandikwe namba wala saini.

Fremu, ukuta na masika ya Mbeya

Bomba likifika, liache ndani ya nyumba bila kulifungua kwa siku nzima ili karatasi izoee hewa ya huku. Osha mikono na kuikausha, kunjua picha juu ya meza safi yenye karatasi nyeupe, na weka vitabu pembezoni, visiguse eneo la picha. Isilazimishwe kunyooka kwa kuikunja upande wa pili.

Mafundi fremu wa Mwanjelwa na wa Iringa mjini ni hodari kwa mbao, lakini kazi yao ya kila siku ni picha za harusi na vyeti, ambapo picha hubanwa kati ya kioo na hadibodi, ikashikwa kwa gundi au selotepu, na kazi ikaisha ndani ya nusu saa. Kwa karatasi ya pamba yenye saini hilo ni kosa katika kila hatua. Hadibodi ina tindikali inayopenya hadi kwenye picha, selotepu huacha doa la njano lisilotoka, na picha inayogusa kioo hunata pale unyevu unapoganda usiku wa baridi. Gundi ya aina yoyote iliyopakwa mgongoni mwa chapa huishusha thamani mara moja, hata kama picha inaonekana imenyooka vizuri.

Kwa hiyo mpelekee fundi vifaa mwenyewe na ukae naye wakati wa kufunga. Unahitaji kadibodi mbili zisizo na tindikali, ambazo zinaweza kuagizwa pamoja na picha: moja ya nyuma, na nyingine ya mbele yenye dirisha lililokatwa, ambayo huipa picha nafasi mbali na kioo. Dirisha liwe pana kiasi cha kuonyesha namba na saini. Fundi asikate kingo za chapa hata kwa milimita moja ili itoshe kwenye fremu aliyonayo tayari. Badala ya gundi, tengeneza vifuko vinne vya pembetatu kwa karatasi isiyo na tindikali, uvibandike kwenye kadibodi ya nyuma, na pembe za picha ziingie humo. Wataalamu wa makumbusho hutumia bawaba za karatasi ya Kijapani na wanga wa ngano uliosafishwa, lakini vifuko ni rahisi zaidi na havigusi picha kwa kitu chenye kunata. Uji wa unga wa ngano usitumike, kwani huwaita wadudu wa karatasi.

Mbao za paina kutoka Sao Hill, Mufindi, ni nafuu na zinapatikana kila mahali. Zikauke kabisa, kwa sababu mbao mbichi hujipinda na kufungua pembe za fremu, na utomvu wake hutoka wakati wa jua kali; upande wa ndani unaokaribia kadibodi upakwe vanishi na kuachwa hadi harufu iishe, au ubandikwe utepe wa alumini. Mninga ni bora, kwa mwenye fedha. Kioo cha kawaida kinakubalika mahali penye kivuli, lakini akriliki (plastiki angavu kama kioo) yenye kinga ya miale ya jua inafaa zaidi, kwani katika mwinuko wa Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, jua ni kali hata siku za baridi. Makumbusho huweka kazi za karatasi kwenye mwanga hafifu usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga); kwa nyumba ya kawaida, chagua ukuta usiofikiwa na jua la moja kwa moja na usiotazamana na dirisha.

Chagua ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba. Ukuta wa nje wa matofali hupoa usiku na kuvuta unyevu, na plasta mpya huendelea kutoa maji kwa miezi. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota, na kwa Tukuyu, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, hilo ni jambo la kulitarajia kabla halijatokea. Bandika vipande vya kizibo nyuma ya pembe za chini za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Usitundike juu ya meko, ambayo nyumba nyingi za Njombe na Mufindi wanayo, wala karibu na mlango wa jiko la mkaa, kwani moshi huingia hata kwenye fremu iliyofungwa vizuri. Mgongo wa fremu uzibwe kwa karatasi na utepe pande zote ili vumbi la Agosti na Septemba lisipenye.

Kila mwaka, mvua zikishakatika mwezi Mei, shusha fremu na kagua mgongo wake. Ukiona madoa ya kahawia au utando mweupe, fungua, toa picha, iache kwenye chumba kikavu chenye hewa isiyo na jua, na badilisha kadibodi zote mbili. Usifute kuvu kwa kitambaa chenye maji, na kama umeingia kwenye wino, picha ipelekwe kwa mhifadhi wa kazi za karatasi. Hati ya uthibitisho, ankara na picha za simu za mbele na nyuma ya chapa zikae kwenye bahasha kavu mbali na fremu, si nyuma yake, na ndani ya bahasha hiyo andika kwa penseli tarehe ya kila ukaguzi na ulichokiona.